Kuku wa Mpiga Solo

Jina lake sitalitaja, maana hata alipokuwa anaishi ukuta wa pili hatukulitumia. Tulimwita Mpiga Solo, wakubwa kwa wadogo, na mama yake mzazi akiwa na furaha alimwita hivyo hivyo. Gitaa la solo ndilo lililompa heshima katika bendi yao ya Kivinje, na alipofika mahali hana gitaa, hana bendi, hana hata kandambili, jina lilibaki. Mimi ni fundi cherehani. Baraza langu na la mama yake zinatenganishwa na ukuta mwembamba; ukikohoa upande huu, upande wa pili wanakwambia pole. Kwa hiyo haya nayajua, na mengine ningefurahi kama nisingeyajua.

Nianze na vidole. Vilikuwa virefu na havikutulia. Akija kukaa kwenye benchi langu alikuwa anagonga meza kwa kufuata mwendo wa cherehani. Nikikanyaga haraka anaongeza, nikisimama kukata uzi ananikodolea macho.

"Aa, da', mbona umekata? Ndiyo kwanza tunaingia sebene!"

Nilimfukuza mara nyingi, na mara nyingi nilimwita arudi, maana kazi iliniendea vizuri zaidi akiwa pale anagonga. Na kwenye harusi, jamani. Mwimbaji alikuwa hajafungua mdomo, kina mama wameshasimama. Solo lake lilikuwa linauliza swali, linanyamaza kidogo, halafu linajijibu lenyewe kwa namna ya kukuchekesha. Shangazi yangu, mtu wa msikitini asiyependa muziki, alikuwa akisikia gitaa lile anasema anaumwa kichwa, na anabaki pale pale dirishani mpaka wimbo uishe.

Unga ulimwingia wakati bendi inazunguka kupiga mijini. Aliporudi alikuwa mwembamba, anajikuna, anasinzia huku ameshika kikombe cha chai. Sisi watu wa pwani tuna aibu ya ajabu: tulilijua neno na hatukulisema. Tulisema "ana malaria". Mwaka wa kwanza malaria, wa pili malaria, mpaka watoto wa shule wakaanza kumwita teja barabarani ndipo malaria ikaisha.

Na alikuwa mwongo! Sijapata kuona mwongo hodari kama yule. Bendi ilialikwa harusi Songo Mnara. Wakavuka na vyombo vyao vyote, jenereta, spika, na yeye amekumbatia begi lake la gitaa kama mtoto mchanga. Walipofika, bwana harusi yuko tayari, watu wamekaa, akafungua begi. Ndani mna kipande cha ubao kimezungushiwa khanga ya mama yake. Gitaa alikuwa ameliuza kabla hajapanda mashua. Ungedhani angekimbia. Alipiga magoti mbele ya watu wote akalia machozi ya kweli, kwamba wamemwibia, kwamba kuna wenye husuda na bendi yao. Baba wa bibi harusi, aliyekuwa amekasirika mpaka mishipa imemsimama, ndiye aliyemnyanyua na kumpa maji. Hadithi hiyo alinisimulia mwenyewe, anacheka, na mimi nikacheka naye. Kisha nikaikumbuka ile khanga. Mama yake alikuwa ameitafuta wiki nzima.

Huyo mama tulimwita Bi Mkubwa. Mjane, mwembamba, sikio moja limekufa na la pili linachagua la kusikia. Mwanawe alimwibia kila kitu chenye bei. Masufuria yalikwenda, masinia ya shaba aliyoolewa nayo yakaenda, birika likaenda, pazia likaenda. Nikiuliza, "Mama, lile sinia kubwa liko wapi?" alinijibu, "Nimeliazimisha, mwanangu." Mimi aliniita mwanangu, kama alivyowaita wasichana wote wa mtaa. Nyumba nzima iliazimishwa. Kilichobaki ni sahani moja ya bati iliyobanduka rangi, yenye kutu ukingoni, ambayo mnunua vyuma chakavu aliikataa.

Kwenye sahani hiyo walikula pamoja. Nataka hili lieleweke, maana mengine yote yanatoka hapa. Teja, mwizi, mwongo, amelala nje siku nzima, amefukuzwa sokoni, akirudi nyumbani alikuta sahani imefunikwa kwa kawa na mama yake hajagusa. Wananawa, Bi Mkubwa anasema bismillahi, wanakula, mkono huu na ule. Nilimwambia mama yule waziwazi kwamba anamdekeza. Akaniambia, "Akila na mimi najua leo kala." Nilikasirika, nikarudi kwenye cherehani yangu nikavunja sindano.

Kisha akapotea. Tulisikia yuko Lindi analala stendi, halafu hatukusikia kitu. Bi Mkubwa aliendelea kufunika sahani.

Nilimkuta Lindi mimi mwenyewe, nilipokwenda kuchukua vitambaa. Mtu mnene ananiita, "Shikamoo da'!" nikaitika marahaba bila kumjua, mpaka nilipoona vidole vinagonga nguzo ya duka. Mashavu yamejaa, shati limepigwa pasi, mfukoni pipi za peremende ambazo alizitafuna moja baada ya nyingine. Tulikaa tukanywa chai, yake ya sukari mpaka kijiko kinasimama, akaniambia yaliyompata. Alikuwa ameangukia kwenye ngazi za kanisa dogo, si kwa kutafuta Mungu, alikuwa anatafuta kivuli. Kina mama waliokuja kufagia wakamwingiza stoo ya mabenchi. Humo ndimo arosto, maumivu ya kukosa unga, ilimshika: alitapika, alijisaidia ovyo, aliwatukana kina mama wale matusi ambayo alikataa kuyarudia mbele yangu. Walimwosha, wakaimba, wakamwosha tena. Alipoweza kusimama aliwauliza huyo wanayemwimbia ni nani. Akabatizwa.

Mimi ni Muislamu na nitakufa Muislamu, inshallah. Lile neno lilinichoma hapa kifuani na sikumficha. Nikamwambia, "Hukuona njia nyingine yote?"

"Da'," akasema, "nilipita njia zote. Hii ndiyo niliyoamkia."

Nikamtazama yale mashavu. Ningesema nini? Niliyekuwa nampitia amelala mtaroni na kukunja gauni nisimguse, niseme nini?

Kitu kilichonishangaza kuliko unene ni kwamba alikuwa ameacha uongo, tena ameuacha kwa ukali, bila adabu. Nilimuuliza, kama watu wanavyouliza, naonekanaje. "Umezeeka, da'." Mwenye mgahawa akauliza chai ikoje. "Ina moshi." Nikamwambia dini hiyo itamkosesha marafiki.

"Siku nikidanganya kidogo nitadanganya sana," alisema, "na siku hiyo hiyo nitavuta. Najijua. Mimi uongo na unga nilivibeba mfuko mmoja."

Lingine: kanisani walimrudishia gitaa, na miezi ya kwanza alilikimbia. Alisema vidole vilikuwa vinadai kete ya unga kwanza ndipo viguse nyuzi. Sasa alikuwa anapiga kila Jumapili, na kila Jumapili walimsimamisha atoe ushuhuda: aeleze alivyoiba, alivyolala mtaroni, Yesu alivyomtoa. Hilo nililichukia na bado nalichukia. Masinia ya Bi Mkubwa yalikuwa yanatajwa mbele ya watu wasiomjua. Nilimwambia hivyo, naye akainamisha kichwa. "Wananipenda, da'. Hawajui kwamba kila nikisimulia nausikia ule moshi wa unga."

Tulipoagana alinishika mkono. "Nimepona, watu wote wanasema nimepona. Lakini mimi nitaamini siku nitakayokula na mama sahani moja nikiwa mzima. Sijawahi kula naye nikiwa mzima tangu nilipoanza. Naomba hilo tu."

Nikarudi Kivinje na siri hiyo tumboni, natafuta namna ya kumfikishia mama. Muuza samaki wakavu akanitangulia. Yule mama huenda Lindi mara kwa mara, naye alikuwa amepita nje ya kanisa akasikia. Akasimama barazani kwa Bi Mkubwa, akampigia kelele kwenye sikio lililo hai:

"Mwanao nimemwona! Mzima, kanenepa! Anasimama mbele za watu anatoa ushuhuda!"

"Katoa shahada?" Bi Mkubwa akauliza.

"Ushuhuda, bi!"

"Katoa shahada! Alhamdulillahi! Mwanangu katubu, katoa shahada upya mbele za watu!" Akaanza kulia, akajifunika mtandio, akasujudu pale pale kwenye mkeka wa kuanikia mpunga. Muuza samaki akanitazama, mimi nikamtazama. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake. "Mama, si shahada. Ni ushuhuda." Akanipapasa shavu. "Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu. Ndiyo hiyo hiyo." Siku ile lile sikio zima nalo lilichagua.

Nikampigia simu Mpiga Solo, nikamweleza lilivyo. Akasema, "Nakuja, da'. Sitamwambia kitu njiani. Nitamwambia nikimwona."

"Usimwambie," nilisema. "Kula kwanza. Kula naye mara moja, kisha mwambie." Sioni haya kwamba nilisema hivyo, na leo ningesema tena.

Alikuja na kuku. Na hapa ndipo mtu mzima, mtoto wa Kivinje, aliyelelewa chini ya mnara wa msikiti, alipofanya kosa ambalo mpaka leo nikilifikiria nashika kichwa. Alitaka kumfurahisha mama asihangaike. Akamchinja kuku mwenyewe kule Lindi, akamnyonyoa, akampasua vizuri, akamleta kwenye mfuko tayari kwa kupikwa. Alikuwa amekaa miaka na watu wasiouliza nani kachinja. Akasahau kwetu ndilo swali la kwanza.

Bi Mkubwa hakuuliza. Furaha ilikuwa imemjaa. Tulimpika mimi na yeye kwa nazi, akanisimulia utoto wote wa mwanawe, akacheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa amemwazimia kanzu kwa kaka yake na kuitundika ukutani. Akaitoa ile sahani ya bati, akaisugua, akapakua. Wakakaa mkekani. Wakanawa. Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Bismillahi," akasema Bi Mkubwa, akapeleka mkono, akamtazama mwanawe asikie na yeye anasemaje.

Niliona vidole vya Mpiga Solo vinagonga goti. Kimoyomoyo nikasema, kula, mpumbavu wewe, kula.

"Mama, ngoja," akasema. "Sikutoa shahada. Ni ushuhuda. Wa kanisani. Nimebatizwa, mama."

Bi Mkubwa alisikia. Hakuuliza mara ya pili. Akatazama sahani, akauliza taratibu, "Kuku huyu nani kamchinja?"

"Mimi."

Akarudisha mkono. Hakumtukana, hakupiga kelele. Alikaa ameutazama mkono wake mwenyewe, kisha akasema maneno ambayo ukuta ule mwembamba unanirudishia mpaka leo: "Ulipokuwa mgonjwa nilijua la kukuombea. Sasa umepona. Nikuombee nini?"

Mpiga Solo alitoka bila kula. Jioni ile ile mtaa mzima ulishajua, na mtaa ambao haukumtafutia neno alipokuwa anakufa mtaroni ulimpatia jina haraka: karitadi, karitadi, katoka kwenye dini. Mjomba wake, kaka yake Bi Mkubwa, alikuja kuichukua kanzu yake na akatangaza barazani kwamba dada yake hana mtoto. Mimi nilikwenda dirishani. Nilimwona Mpiga Solo kwenye ile kona wanapokaa vijana wa unga. Amesimama. Vidole vinagonga paja. Amesimama na mimi nimeshika nondo za dirisha, namwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Kisha ikapita bodaboda, akaipungia, akapanda kwenda Nangurukuru kusubiri basi.

Akanipigia akiwa ndani ya basi. "Sijavuta, da'. Ila nimesimama pale. Usiniambie nina imani. Nimesimama pale."

Hakukata tamaa, au alikata akaendelea hivyo hivyo, sijui. Baada ya muda bodaboda wa Nangurukuru akaniletea boksi lenye matundu. Ndani mna kuku, safari hii mzima, anapumua, miguu imezungushiwa kitambaa na kufungwa kwa kipande cha uzi wa gitaa. Nikaelewa. Nikampelekea mwadhini wetu amchinje. Yule mzee aliutazama ule uzi, akanitazama mimi, akasoma bismillahi yake akachinja bila kuniuliza.

"Kuku wa nani huyu?" Bi Mkubwa aliuliza nilipompelekea.

"Wa muuza kuku, mama."

Aliuchukua uzi, akaupitisha vidoleni. Akaenda kuutundika kwenye msumari ilipokuwa kanzu. Kisha akala.

Tukaishi hivyo. Kila boksi likija kuna uzi, na kila uzi unakwenda msumarini. Bi Mkubwa hakumtaja mwanawe hata mara moja, ila alikuwa na maneno mengi kwa muuza kuku. "Mwambie muuza kuku, huyu wa leo kakonda. Ale yeye kwanza, anenepe." "Mwambie muuza kuku mvua za Lindi mbaya, afunge kifua." Wakati mmoja nilichoka na mchezo huo nikamwambia, "Mama, si useme naye mwenyewe? Simu hii hapa." Akanigeuzia sikio lililokufa. Mimi nikapeleka maneno, na yule kule simuni alikuwa anayarudia neno kwa neno, anataka nimwambie kayasema kwa sauti gani. Kila mara aliuliza mwishoni: "Hajaniita, da'?" Na mimi nilijibu bado.

Siku ambayo Bi Mkubwa alizidiwa na maradhi, kuku wa mwisho alikuwa amekuja asubuhi yake. Alikunywa mchuzi kidogo tu. Akaniagiza niilete sahani ya bati. Akaweka mwenyewe paja na wali, upande mmoja wa sahani. Upande wa pili akauacha na mchuzi aliokuwa ameuchovya yeye. "Funika," akaniambia. "Ya muuza kuku hiyo. Mpigie aje ale."

Nilipiga. Haipatikani. Nilipiga mpaka simu ikaisha chaji, nikachaji, nikapiga tena. Kanisa lao lilikuwa na mkutano milimani, Mitole, na huko mawasiliano ni ya kubahatisha. Alfajiri Bi Mkubwa akafariki. Nikaendelea kupiga. Mjomba akaniona na simu mkononi akasema mbele ya wanaume wote, "Huyo hana haki ya maiti hii." Kabla ya alasiri tulikuwa tumeshamzika. Sahani ilikaa chini ya kawa mpaka siku ya pili, wali ukachacha, nikaumwaga huku nalia kwa hasira, simjui hata niliyemkasirikia.

Mpiga Solo alitokea mwenyewe, matanga yameshaanuliwa. Nilikuwa nashona. Nikasikia bodaboda imesimama, nikainua macho, naye huyo, shati lina vumbi jekundu la milimani, kwapani ameshika kuku mzima. Hakuwa amewasha simu, au aliiwasha na hakuna aliyempata, sikuuliza. Uso wake ulikuwa na furaha ndogo ya mtu aliyejikaza kufika.

"Shikamoo da'. Safari hii nimemleta mwenyewe. Nitakaa hapa hapa kwako, sitavuka ukuta. Nataka nimsikie tu akisema muuza kuku."

Nikasimamisha cherehani. Nikamwambia.

Alikaa kwenye benchi. Kuku alikuwa ametulia kwapani. Nikamweleza kila kitu, kuanzia mchuzi mpaka sahani, upande wake na upande wa mama, kwamba alisema aje ale. Nilikwenda ndani nikaitoa ile sahani, maana mjomba alipogawa vitu hakuna aliyeitaka. Akaipokea, akapitisha kidole kwenye kutu ya ukingoni.

"Hii sikuiiba," akasema. "Hii ndiyo sikuiiba."

Kisha akaniinulia macho, na nilijua linalokuja. "Alisema ni ya nani, da'?"

Wallahi nilitaka kudanganya. Neno lilikuwa tayari mdomoni, neno moja, mwanangu, nililokuwa nimeitwa mimi kila siku bila kulitolea jasho. Lingemgharimu nani? Yeye akaona.

"Usinidanganye," akasema. "Ukinidanganya wewe nitashindwa kurudi Lindi."

"Alisema ya muuza kuku."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama anayesikiliza wimbo ambao bado haujafika mwisho. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya sahani. Sikuwahi kuviona vimetulia, na hilo ndilo lililonitisha. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, sauti ya yule yule mwadhini. Akasimama. Akanikabidhi kuku, miguu imefungwa uzi wa gitaa juu ya kitambaa kama siku zote, na kwa mazoea, bila kufikiri, akasema:

"Mwambie..."

Akakumbuka. Akabaki ameshika mguu wa kuku, na mimi nimeshika mwingine.